Trela Idanganye, Isiseme Yote

Trela ikinidanganya, naisamehe. Ikiniambia ukweli wote, siisamehe. Najua msimamo huu unasikika kinyumenyume, maana tumelelewa kuamini kwamba tangazo la uongo ni wizi na tangazo la kweli ni uungwana. Kwenye sabuni na mafuta ya kupikia nakubali. Kwenye picha sikubali, na nina sababu zangu.

Mimi ni fundi televisheni, kibanda changu kipo Tandika, na trela ndizo ninazopimia kazi. Nikishafunga taa mpya nyuma ya kioo siweki mechi wala taarifa ya habari. Naweka trela. Ndani ya dakika mbili na ushee utapata giza la usiku, moto, uso wa mtu kwa karibu, mnong'ono na kishindo cha kupasua masikio. Kioo chenye doa kitajianika chenyewe kwenye lile giza, na spika iliyochanika itakoroma kwenye kile kishindo. Kwa hiyo naangalia trela nyingi kuliko picha zenyewe, na ninachokiona kinanikera. Trela inaanza na fumbo zuri, halafu haina subira. Kabla haijaisha umeshajua msaliti ni nani, rafiki wa stelingi anafia wapi, na jengo lipi litaanguka mwishoni. Mama mmoja aliyekuwa ananisubiri nimalizie televisheni yake alitazama moja mpaka mwisho, akaniambia: "Fundi, hiyo tumeshaimaliza. Weka nyingine."

Mfano ambao sichoki kuutaja ni Terminator 2, ya mwaka 1991. Sisi tuliiona miaka ya tisini kwenye banda la video, mabenchi ya mbao, mlangoni ubao wa chaki. Trela hatukuwa nayo. Tulichokijua ni kwamba kwenye ile ya kwanza, ya 1984, Arnold Schwarzenegger ndiye adui, mashine isiyo na huruma. Basi akatokea tena, na akatokea mwingine mwembamba aliyevaa sare za polisi, wote wawili wanamtafuta mtoto mmoja. Muongozaji James Cameron anakuacha uamini unachotaka mpaka kwenye ule ujia wa nyuma ya maduka. Mtoto yuko katikati. Arnold anakuja upande mmoja amebeba boksi la maua, polisi anakuja upande wa pili. Boksi linafunguka, mawaridi yanadondoka, ndani kuna bunduki, na buti la Arnold linayakanyaga yale mawaridi. Sisi tulikuwa tunamwambia mtoto akimbilie kwa polisi. Ndipo Arnold akamwambia ainame, akampiga risasi polisi. Banda zima lilinyanyuka. Aliyekuwa nyuma yangu alinishika mabega kwa nguvu utadhani ndugu yangu.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba watazamaji wa Marekani wengi hawakuipata ile nafasi. Trela za picha ile ziliwaambia mapema kwamba safari hii Arnold yuko upande wa wema. Cameron alitengeneza mtego wa nusu saa nzima, na wauzaji wakaufyatua kabla mnyama hajafika. Cha ajabu, hawakujifunza. Mwaka 2015 ilipokuja Terminator Genisys, siri kubwa ya picha ilikuwa kwamba John Connor mwenyewe, yule mkombozi, amegeuzwa mashine. Trela ikaianika. Muongozaji Alan Taylor alisema waziwazi kuwa hakupendezwa.

Wauzaji nao wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Muongozaji Robert Zemeckis alilaumiwa kwa trela ya Cast Away ya mwaka 2000, iliyoonyesha kwamba Tom Hanks anatoka kisiwani na kurudi kwao. Jibu lake lilikuwa kwamba utafiti wa soko unaonyesha watu wanataka kujua kila kitu kabla ya kulipa, na akatoa mfano wa McDonald's: watu wanakwenda pale kwa sababu wanajua watakachokula. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiwa wameshatobolewa mwisho wake na wengine hawajatobolewa. Kwa ujumla, waliotobolewa ndio waliozifurahia zaidi.

Utafiti ule siupingi. Ila wale wasomaji walipewa maelezo ya maneno machache, kisha hadithi wakaikuta nzima, haijaguswa. Trela inachukua vipande vya picha yenyewe: tukio lenyewe, sura yenyewe, sauti yenyewe. Kuambiwa kwamba leo kuna pilau hakukuharibii chakula. Kuchotewa nyama zote mlangoni kunakuharibia, hata kama utakaribishwa ukae.

Wenzangu wa rika langu watanikumbusha habari za Lufufu. Kabla ya maandishi ya chini ya kioo kutufikia, Lufufu alitutafsiria picha za Wamarekani, za Wachina na za Wahindi kwa Kiswahili chake, akiongeza chumvi na kutangulia matukio. Wakenya wana DJ Afro, na kazi ni ile ile. Lufufu aliweza kukuambia huyu bwana hafiki kesho, na hakuna aliyenung'unika. Mbona yeye hakutuharibia? Kwa sababu alikuambia ukiwa umeshakaa kwenye benchi, umeshamzoea yule bwana, umeshaanza kumpenda. Onyo lake lilikuzidishia hofu. Trela inakuambia habari za kifo cha mtu ambaye bado hata jina lake hulijui.

Sasa tuje kwenye uongo, ambao ndio ninaoutetea. Mwalimu wake ni Alfred Hitchcock. Trela ya Psycho ya mwaka 1960 inazidi dakika sita, na karibu muda wote ni yeye mwenyewe, mzee wa tumbo na suti, anakutembeza kwenye hoteli na nyumba ya picha kama dalali anayeonyesha nyumba ya kupanga. Anakuonyesha ngazi, anaanza kueleza yaliyotokea pale, anaona kinyaa, anakatiza. Anaingia bafuni, anasema sasa pamesafishwa. Mwishoni anavuta pazia, mwanamke anapiga ukunga. Mwanamke yule ni Vera Miles aliyevalishwa nywele za bandia. Anayeingia bafuni kwenye picha yenyewe ni Janet Leigh. Hitchcock amekutembeza nyumba nzima, na ukitoka humo hujui kitu.

Wajukuu wa Hitchcock wapo. Trela ya Avengers: Infinity War ya 2018 ilimwonyesha Hulk akikimbia na wenzake kwenye nyika za Wakanda. Ukiingia ukumbini, Hulk hatokei kwenye vita ile hata kidogo. Amegoma, na Bruce Banner, yule mtu anayegeuka Hulk, anapigana ndani ya vazi la chuma. Kugoma kwake ndiyo habari yenyewe, na trela ingetuonyesha ukweli tungekuja tunajua kwamba hata Hulk amegoma. Huo uongo naupigia makofi.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya Spider-Man: No Way Home. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuja kibandani na simu, amepunguza mwendo wa trela iliyotolewa Brazil, anaipeleka mbele na nyuma.

"Mjomba, mwangalie huyu Mjusi. Kichwa kimeyumba. Kapigwa na nani?"

"Na hewa."

"Hewa haina ngumi, mjomba. Hapo wamemfuta mtu."

Alikuwa sahihi. Walifuta Spider-Man wengine, Tobey Maguire na Andrew Garfield, na Garfield alishinda miezi akikana mbele ya waandishi wa habari. Kijana wangu alikwenda Desemba akiwa na uhakika wa kila kitu, na bado alirudi sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Alilijua jambo, lakini hakuwa ameliona, na jambo alilolihisi mwenyewe kwa kuchungulia ni lake. Waliomfuta mtu walimwachia kazi ya kufanya.

Uongo nao una mipaka, na hapa nawaacha mkono wauzaji. Trela ya Yesterday, picha ya Danny Boyle ya mwaka 2019, ilimwonyesha Ana de Armas. Kwenye picha iliyotoka hayumo, walimkata kwenye uhariri. Mashabiki wawili waliolipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi wakaishitaki kampuni ya Universal, na Desemba 2022 jaji wa California akasema trela ni tangazo la biashara, kwa hiyo sheria ya matangazo ya uongo inaweza kuigusa. Wengi waliwacheka wale jamaa. Mimi sikucheka. Hulk aliongezwa ili kuilinda hadithi. Ana de Armas aliachwa kwenye trela wakati kwenye picha hayumo, na aliyelipa kwa ajili yake hakupata chochote badala yake. Anayeficha anachokuletea ni msimuliaji. Anayetangaza asichokuwa nacho ni tapeli, awe Hollywood au Kariakoo.

Zipo pia trela ambazo hazidanganyi wala hazimwagi, na hizo ndizo bora kuliko zote. Trela ya Us, ya Jordan Peele, ilitoka Krismasi ya 2018. Familia iko kwenye gari, wanaimba wimbo wa zamani wa Luniz wa mwaka 1995, mama ni Lupita Nyong'o, kila kitu ni raha. Kisha wimbo ule ule unapunguzwa mwendo, nyuzi zinakwaruza, na watu wanne wamesimama gizani nje ya nyumba, sura zao ni za familia ile ile. Trela inakuambia wazi: kuna watu wanaofanana nao, wana mikasi. Siri kati ya mama na pacha wake haigusi, nami siigusi hapa kwa ajili ya ambaye hajaiona. Nilipimia televisheni nyingi kwa trela ile, na kila mara mteja aliuliza hiyo picha inaitwaje.

Huku kwetu nako kuna la kujivunia. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, kutoka mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, aliweka YouTube trela ya Who Killed Captain Alex?, picha ya ngumi na bunduki iliyotengenezwa kwa pesa za kuokoteza. Helikopta zake unaona kabisa ni za kompyuta, na juu ya yote kuna mtafsiri anapiga kelele za ushabiki. Dunia ikaipokea. Picha nzima walikuja kuipata YouTube mwaka 2015. Kwa miaka yote ile watu wa nchi za mbali waliishi na trela tu wakiulizana ni nani hasa aliyemuua huyo kapteni. Swali limo kwenye jina, jibu halimo kwenye trela, na halikuhitaji bajeti.

Ndiyo maana trela nyingi za Bongo zinaniuma. Karibuni mteja aliniomba nipimie luninga yake kwa trela ya picha ya hapa nyumbani, sitaitaja. Ilikwenda dakika nne na zaidi. Ndani yake mume alioa, mama mkwe akachukia, chai ikatiwa kitu, mke akalazwa, akazikwa, na mama mkwe akaungama mbele ya kaburi huku mvua inanyesha. Taa zilipigwa vizuri, dada aliyecheza kama mke anajua kulia. Nikamwuliza mteja kama atakwenda kuitazama. Akasema ameshamlilia marehemu, hana haja ya kurudi msibani.

Hata hadithi inayojulikana haihitaji kumwagwa. Christopher Nolan ameichukua Odyssey, kisa cha Wagiriki chenye karibu miaka elfu tatu, Lupita yumo, na picha ilipangiwa Julai 2026. Tiketi za baadhi ya kumbi ziliuzwa mwaka mmoja kabla, kwa watu wanaojua fika kwamba Odysseus atarudi kwa mkewe. Amil Shivji alipoitengeneza Vuta N'Kuvute mwaka 2021, maelfu ya waliosoma riwaya ya Adam Shafi shuleni waliyajua ya Yasmin na Denge. Waliojua walikuwa na hamu ya kuona yanavyofanyika, na hicho ndicho ambacho trela ikikimaliza hakuna kilichobaki cha kuuzwa.

Naomba mambo mawili kwa watayarishaji wetu. Trela ichote theluthi ya kwanza ya picha, isivuke hapo. Na aikate mtu ambaye hakuiongoza picha, kwa sababu muongozaji anapenda kila tukio lake na atataka yote yaonekane. Mtaniambia msipoonyesha kaburi watu hawaji. Kama picha yenu haiwezi kuvuta mtu mpaka aonyeshwe mwisho wake, tatizo halipo kwenye trela. Rudini mkaitengeneze picha.