Madai Manne Dhidi ya Louis Armstrong

Hapa Merti, kwetu Waborana, Louis Armstrong akitajwa, hutajwa kwa dharau: yule mpiga tarumbeta wa jazi Mmarekani, wa kutoa meno na kujifuta jasho kwa leso. Vijana wanaopenda muziki huonywa wasije wakawa kama yeye. Nayajibu madai manne yanayorudiwa, kwa sababu kila moja linawanyima vijana hao funzo wanalolihitaji.

Dai la kwanza: alijaliwa tu, hakufundishwa. Armstrong alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901, katika ufukara. Mkesha wa mwaka mpya wa 1913 alikamatwa kwa kufyatua bastola mtaani, akapelekwa kwenye makao ya kurekebisha watoto weusi. Huko mwalimu Peter Davis alimwingiza kwenye bendi na kumfunza koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Baadaye alipiga kwenye meli za mto Mississippi chini ya Fate Marable, kiongozi aliyetaka wanamuziki wake wajue kusoma noti. Mwaka 1922 mpiga koneti Joe Oliver alimwita Chicago, naye akakubali kuwa koneti ya pili nyuma ya mkubwa wake. Kipaji alikuwa nacho, ila kilinolewa kwa miaka na watu waliomtangulia.

Dai la pili: alikuwa mpigaji, hakuwa mtunzi. Wanaosema hivi hudhani kwamba muziki unaobuniwa papo hapo hauna fikra nyuma yake. Mwezi Januari 1924 Armstrong alituma Washington noti za wimbo wake «Cornet Chop Suey» ili haki yake ya utunzi isajiliwe. Aliurekodi mwezi Februari 1926 na kundi lake la Hot Five, na sehemu kubwa ya aliyoyapiga siku hiyo ilikuwa imeshaandikwa miaka miwili kabla. Wimbo unaosikika kama umezuka ghafla ulikuwa umepangwa. Waborana hawapaswi kulishangaa jambo hili. Anayeongoza wimbo watu wakiteka maji kisimani hubadilisha maneno kadiri kazi inavyokwenda, na wenzake humwitikia bila kupotea, kwa kuwa wote wanaijua njia ya wimbo.

Dai la tatu: alikuwa kibaraka wa wazungu. Hili ndilo zito kuliko yote, na limewahi kutolewa hata na wanamuziki weusi wenzake. Ni kweli alitabasamu sana jukwaani, na ni kweli serikali ya Marekani ilimtuma nje kulipamba jina la nchi hiyo. Lakini mwezi Septemba 1957, wanafunzi weusi tisa walipozuiwa kuingia shule ya Little Rock, Armstrong alimshutumu Rais Eisenhower hadharani na kukataa ziara ya Umoja wa Kisovieti iliyokuwa ikiandaliwa kwa jina la serikali. Na Louisiana ilipopiga marufuku bendi zilizochanganya weusi na weupe, aligoma kupiga New Orleans, mji aliozaliwa, hadi mwaka 1965. Kibaraka hamkemei anayemlisha, wala hajifungii mlango wa kwao kwa ajili ya wenzake.

Dai la nne: ala za shaba si zetu. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilikuwa na ngoma ya beni, iliyochukua gwaride na matarumbeta ya kijeshi na kuyageuza kuwa mashindano ya mitaa. Askari na vibarua waliisambaza bara, hadi Tanganyika na kwingineko. New Orleans nayo ilizichukua ala hizo hizo za kijeshi na kuzaa jazi. Kwa hiyo Armstrong alipozuru Afrika mwaka 1960, akafika Leopoldville na Nairobi, tarumbeta lake halikuwa kitu kigeni masikioni mwa wenyeji.

Wanaowaonya vijana wa Merti wana hofu ya haki: muziki umewapotosha wengi. Dawa yake, hata hivyo, imo ndani ya maisha ya mtu huyu wanayemdharau. Mtoto aliyeanza kwa bastola mtaani aliokolewa na mwalimu, ala na saa nyingi za mazoezi. Wazee na shule wakivitoa hivyo vitatu hapa kwetu, maonyo yatahitajika kidogo sana.