Mwanafunzi aanze hesabu kabla ya mshahara

Wafanyabiashara wa Mwenge, Sinza na mitaa mingine iliyo jirani na vyuo vikuu jijini Dar es Salaam hawasubiri tangazo la Bodi ya Mikopo ili kujua kwamba fedha za wanafunzi zimetoka. Wauza simu, viatu na chipsi huiona siku hiyo kaunta. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita fedha yao ya chakula na malazi, lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa kuwa hulipwa kwa mkupuo, kijana wa miaka ishirini anayepewa la siku 60 hujikuta ameshika shilingi 600,000, kiasi ambacho pengine hajawahi kukishika tangu azaliwe. Wiki chache baadaye biashara hupoa, na wasiokosa wateja ni wenye mikeka ya kubeti na wakopeshaji wa kausha damu.

Habari hii si ya wanafunzi peke yao. Wafanyabiashara wengi na wawekezaji wadogo wana kijana chuoni, na ada yake ni uwekezaji mkubwa kuliko hisa zote walizowahi kununua. Ajabu ni kwamba mzazi huyo huyo anayefuatilia gawio la kampuni hadi senti ya mwisho, hamuulizi mwanawe alitumiaje bumu la muhula uliopita. Akiuliza, huuliza matokeo ya mitihani.

Dhana iliyopo bado ni ile ya zamani, kwamba cheti kizuri huleta kazi na kazi huleta fedha. Enzi ya Serikali kuwapangia wahitimu kazi ilikwisha na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990. Hata kwa mwenye bahati ya kuajiriwa, hesabu inahitaji kutazamwa kwa makini. Chukua mhitimu anayeanza na mshahara wa shilingi 800,000 katika kampuni binafsi. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 80,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 60,000. Bodi ya Mikopo nayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Anabaki na 540,000, na hapo hajapanda daladala wala hajamtumia mama yake kitu.

Somo la kwanza, na ambalo halina ada, ni daftari la duka. Wako wanafunzi wa biashara wanaosoma mizania darasani miaka mitatu huku nyumbani kwao kuna duka ambalo hawajawahi kufunga hesabu yake hata jioni moja. Likizo hupita kijana akiwa ametumwa kubeba mizigo au kulinda mlango. Akabidhiwe daftari. Apatanishe mauzo na risiti za EFD, aone madeni ya wateja yanavyokula mtaji, aulize kwa nini mauzo ya milioni mbili yameacha faida ya laki moja. Wazazi wengi hukataa kwa sababu hawataki mtoto ajue siri za duka, hasa hasara. Lakini hasara ndiyo sehemu ya somo ambayo chuo hakiwezi kumpa, na kijana atakayeijulia ukubwani ataijulia kwa fedha zake.

La pili ni hisa na vipande, ingawa hapa tahadhari inahitajika. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha mwaka 2014 mashindano ya wanafunzi wa vyuo ya kununua na kuuza hisa kwa fedha za kufikirika. Ni mchezo mzuri, ila fedha ya kufikirika haiumi. Aliyenunua hisa 400 za CRDB kwa shilingi 150 mwaka 2009 alitoa 60,000. Kwa mwaka wa fedha 2023 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa, hivyo akapata 20,000, au 19,000 baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwenzake aliyenunua Vodacom kwa shilingi 850 mwaka 2017 alikaa miaka kadhaa akiitazama bei iliyo chini ya ile aliyolipa, na kila alipotaka kuuza aligundua kuwa soko letu si gulio la kila siku, mnunuzi husubiriwa. Wote wawili walijifunza, na huyu wa pili pengine zaidi.

Fedha ya kujifunzia hisa, hata hivyo, isitoke kwenye bumu. Bumu ni deni. Itoke kwenye kibarua cha likizo, au kwa mzazi, badala ya simu mpya anayonunuliwa kijana akifaulu. Kwa anayesomea uhasibu, mitihani ya bodi ya NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba, nayo iwekewe fungu mapema, si baada ya kukaa mtaani mwaka mzima.

Bumu lenyewe lina kazi nyepesi zaidi. Ile ada ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, hivyo shilingi inayowekwa akiba leo haizai deni lingine. Wapo wanaotuma sehemu ya bumu nyumbani kusomesha wadogo zao, na hao hawana cha kulaumiwa. Kwa aliyebaki, shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo, ni 240,000 kwa mwaka na 720,000 kwa miaka mitatu. Mwenye nyumba jijini hutaka kodi ya miezi sita kabla ya kukabidhi ufunguo. Chumba cha shilingi 100,000 kinalipika, na 120,000 zinabaki za nauli na chakula hadi mshahara wa kwanza uingie.