Mtaalamu na Baraza la Wafugaji

Safu ya Nyanda za Juu, na Mwana Karatu

Elimu ya mtaalamu wa ardhi na mifugo haikamiliki kwa kupima malisho na kuandika ripoti peke yake, bali hukamilika pale mtaalamu huyo anapobeba pia kazi ya uwezeshaji wa haki ya jamii, yaani kuwakutanisha watu ambao maslahi yao yanagongana ili kila upande usikilizwe kwa uzito ulio sawa kabla uamuzi haujapitishwa.

Njia hiyo ilifuatwa na Moringe ole Parkipuny, mwana wa Ngorongoro na msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye utafiti wake juu ya ufugaji ulimfanya aikosoe mipango iliyomhesabu mfugaji kuwa kikwazo cha maendeleo, akaingia bungeni kuliwakilisha jimbo la Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, na mwaka 1989 akazungumza mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa mjini Geneva kuhusu madhila ya wafugaji na ya wawindaji, wakiwamo Wahadzabe wa bonde la Eyasi.

Umuhimu wa kusikiliza unaonekana wazi katika ugonjwa wa ng'ombe unaotokana na nyumbu. Nyumbu wanapozaa katika nyika za Ndutu, takriban kati ya Januari na Machi, ndama wao hueneza virusi visivyowadhuru wao wenyewe lakini vinavyomuua ng'ombe, na kwa sababu hiyo Wamasai, ambao waliijua hatari hiyo kabla mtafiti Walter Plowright hajavitenga virusi hivyo maabara mwaka 1960, huondoa mifugo yao nyikani na kuipandisha nyanda za juu. Mpango wowote unaofunga malisho ya juu katika msimu huo bila kuwauliza malaigwanani, yaani viongozi wa kimila, unampa mfugaji hiari ya kuchagua baina ya njaa na kifo cha mifugo yake.

Karatu nayo imo katika suala hilo la kusikilizana, kwa kuwa misitu ya Ngorongoro hulisha chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, ambako Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wanayategemea maji yale yale.

Wapo wanaohofu kwamba mtaalamu akiingia barazani hupoteza uadilifu wa sayansi yake. Hofu hiyo haina msingi, kwa maana idadi ya wanyama na kina cha maji vitaendelea kupimwa kwa vipimo vile vile, na kitakachobadilika ni kwamba wenye kuathirika watashiriki kuamua ni swali gani lichunguzwe na majibu yake yatumikeje.

Katika kipindi hiki ambapo kuhamishwa kwa wakazi wa Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera, kulikoanza mwaka 2022, kumeacha majeraha ya kutoaminiana, vyuo vyetu vina wajibu wa kuwafundisha watafiti kuendesha mazungumzo kama wanavyowafundisha takwimu, na kila utafiti unaohusu ardhi ya kijiji usomwe na kujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa, kabla haujafika mezani kwa waziri.