Dalali na "Cha Juu"

Dada yetu mmoja aliyeolewa Angurai, kule mpakani karibu na Malaba, ametuuliza. Yeye na mumewe wanauza nyumba na kiunga chake warejee pwani. Dalali amewaambia: "Tajeni bei yenu, kitakachozidi ni changu." Je, yafaa?

Imepokewa kuwa Ibn Abbas, Allah amridhie, hakuona ubaya. Imamu Shafii, tunayemfuata wengi wetu, hakuiridhia, kwa kuwa ujira haujulikani. Nasi twaelemea huko. Hicho "cha juu" hufichwa mno. Kubalianeni naye ujira maalumu, kwa maandishi, na mnunuzi mumwone kwa macho yenu. Sheria ya 1984 yamtaka wakala awe amesajiliwa, muulizeni cheti.

Nawe dada, mumeo hawezi kuuza nyumba mnayokaa bila ridhaa yako. Akija mnunuzi kutoka Uganda, Katiba ya 2010 humpa asiye raia ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo nayo yahitaji idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Mkinyimwa, arubuni hurejeshwa. Basi msiifanye nauli ya kurejea pwani.