Hesabu ya Kibarua

Jumamosi iliyopita nilimtaja Tomo Ohka, mrushaji wa besiboli kutoka Japani, na rafiki yangu akakimbilia simu. "Ligi kuu ya Marekani: ameshinda 51, amepoteza 68," akasoma. "Timu tano! Buda, huyo alifeli." Meza nzima ikacheka. Sikujibu, kwa hivyo najibu hapa.

Kwanza, hesabu yenyewe ina uonevu. Kwenye besiboli mrushaji huandikiwa ushindi au kipigo kwa kutegemea alama za timu nzima. Anaweza kuwabana wapinzani wakapata alama moja tu. Wenzake wasipopata hata moja, kipigo kinaandikwa kwa jina lake. Kweli hicho ndicho kipimo cha jasho la mtu?

Pili, soma safari kabla ya kusoma jumla. Ohka alizaliwa Kyoto mwaka 1976. Yokohama BayStars walimsajili akitoka shule, hawakumpa nafasi ya maana, kisha wakamuuza Boston. Mwaka 1999, katika ligi za chini, alishinda mechi 15 bila kupoteza hata moja. Tarehe 1 Juni 2000, akiwa Pawtucket, alikabili wapigaji 27 na kuwatoa wote 27 kwa mipira 77 pekee. Hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Mwaka uliofuata Boston wakambadilisha na mchezaji wa Montreal, kama watu wanaobadilishana mbuzi sokoni. Akashinda mechi 13 mwaka 2002, na timu ambayo wakati huo ilimilikiwa na ligi yenyewe. Baadaye Washington, Milwaukee, Toronto, Cleveland, halafu Yokohama tena.

Mwaka 2005 kocha alipoingia uwanjani kumtoa, Ohka alimgeuzia mgongo. Alitozwa faini, na mwezi huo huo akahamishwa. Simtetei, adabu ni adabu. Lakini namwelewa mtu anayekataa kuamini kwamba kazi aliyoishika mkononi si yake.

Bega lilipoharibika, alijifunza mtupo mpya kabisa, ule wa mpira unaoyumba hewani bila kuzunguka, akautumia katika ligi ndogo huko Toyama. Mwaka 2017, akiwa na miaka 41, alikuwa kambini kwa Baltimore akijaribu tena. Hawakumchukua.

Sasa niambie, aliyefeli huitwa na timu tano?

Hasira yangu ina chanzo. Baba alikuwa fundi wa mawe, kibarua wa mjengo maisha yake yote: leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila barua ya kuajiriwa wala ya kufutwa. Siku ya mazishi mzee mmoja alishika maikrofoni akasema marehemu "alihangaika sana lakini hakufika popote." Watu wakaitikia kwa vichwa. Tulikuwa tumeketi hatua chache kutoka kwa ukuta ambao baba aliujenga.

Ndiyo maana siwezi kucheka na meza. Tumezoea kuhesabu vikombe na majumba, tukimaliza tunasema wengine walipoteza wakati. Wachezaji wachache hupata sanamu. Ligi inaendeshwa na akina Ohka, wanaopokea simu usiku, wanafunga mkoba, na kesho yake wanarusha mpira kwa jezi ya wageni.

Jumamosi nitakuja. Chai ni juu yangu, lakini hiyo simu uiweke mfukoni.