Msibomoe jiko kabla ya kulisugua

Mhariri,

Naumia ninapoona familia zikikopa ili kubomoa jiko lililohitaji sabuni na rangi tu. Ukuta uliojaa masizi ya mkaa usugueni kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka mafuta yatoke. Ukikauka, upigeni msasa, kisha pakeni rangi ya mafuta. Mkikimbilia rangi ya maji, weusi hupenya ukarudi juu, na fedha imepotea. Milango ya kabati ikilegea, badilisheni bawaba na vishikio. Mbao zenyewe mara nyingi bado nzima. Vigae visivyovunjika viacheni, kwarueni tu saruji nyeupe iliyochakaa katikati yake mjaze mpya. Mafundi wetu, tafadhali, mwelezeni mteja hayo kabla ya kumwandikia gharama za ukarabati mzima.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam