Goma: Mgonjwa wa kansa amerudi Katindo, nani anahesabu safari zake za choo?

Wagonjwa wa kansa wa Goma wanaohitaji tiba ya mionzi hulazimika kusafiri. Wengine huenda Kigali, ambako tiba hiyo ilianza mwaka 2019, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Lakini mama akirudi nyumbani mtaa Katindo, mionzi haijamaliza kazi yake tumboni.

Mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi hugusa pia matumbo. Kuharisha huanza mara nyingi juma la pili au la tatu la matibabu. Madhara mengine, kama damu kwenye choo, huweza kutokea miezi au hata miaka baadaye.

Kipimo kipo. Safari za choo zikiongezeka chini ya 4 kwa siku kuliko kawaida ya mgonjwa, ni ngazi ya 1. Zikiongezeka 4 hadi 6, ni ya 2. Zikiongezeka 7 au zaidi, ni ya 3, na hiyo ni hatari. Bila kujua kawaida yake, hesabu ni bure.

Goma ni mji unaojua kipindupindu. Anayeharisha hudhaniwa upesi kuwa na amiba au kipindupindu, na mama mwenye haya hasemi zaidi.

Kusema "hatuna mashine" si jibu. Daftari na kalamu si mashine. Kila kituo cha afya kiulize: Umewahi kupata mionzi? Zamani choo mara ngapi? Leo je? Kuna damu? Kisha kiandike. Asiyeuliza asiseme mgonjwa alinyamaza.